Moto wa Waya na Moto wa Jiko

Hotuba kwa wahitimu wa fani ya umeme na fani ya majokofu na viyoyozi, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi wenzangu mlioondoka Rombo na Hai kabla jua halijatoka, na ninyi wanangu mnaohitimu leo. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, salamu zenu nilizipokea mlangoni wakati naingia. Marahaba.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie uaminifu kazini. Nitauzungumzia, ila nitapitia kwenye hesabu. Katika kazi yetu fundi anaweza kuwa mwaminifu, asiibe hata skrubu moja, na bado akamtia mteja hasara ya mamilioni kwa sababu alichanganya vipimo viwili. Mimi nimewahi kufanya hivyo. Nitawasimulia.

Kushoto kwangu wamekaa vijana wa umeme, kulia wamekaa vijana wa majokofu. Wote mnatumia neno moja: moto. Kijana wa umeme akigusa waya kwa testa na taa yake ndogo ikawaka, husema, "Huu una moto." Mama anayetupikia pilau kule nyuma ya bwalo naye akisogeza kuni husema moto umekolea. Lugha yetu iliwaita ndugu hawa wawili kwa jina moja, na fizikia inasema haikukosea. Umeme ukipita kwenye waya mwembamba wa hita unatoka joto. Joto likichemsha maji, mvuke ukazungusha tabaini, unatoka umeme. Lakini safari ya kwenda na safari ya kurudi hazina nauli sawa, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Aliyetupa njia ya kulinganisha kazi na joto kwa namba ni James Prescott Joule, Mwingereza, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia wa Salford, karibu na Manchester. Katika miaka ya 1840 alifunga vizito kwenye kamba, akaviacha vishuke polepole, na kamba ile ikazungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji. Makasia yalipokoroga maji, maji yalipata joto. Kidogo sana, sehemu ndogo ya digrii, lakini Joule alikuwa na vipimajoto vizuri na subira ya mtu aliyezoea kuangalia mapipa ya bia. Akarudia na kurudia mpaka akapata kiwango cha kazi kinacholingana na kiwango fulani cha joto. Namba yake, futi-ratili 772 za kazi kwa BTU moja, kipimo cha joto cha Kiingereza, iko karibu mno na tunayotumia leo, 778.

Kwa kilo na mita ni hivi: kuinua kilo 427 kwa mita moja ni sawa na joto la kilokalori moja, yaani joto la kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja. Chukua gunia la kahawa la kilo 60, lipandishe mita saba, ngazi mbili za ghorofa, begani. Ukifika juu unahema. Kazi uliyoifanyia lile gunia, ukiigeuza yote kuwa joto, itaongeza lita moja ya maji digrii moja tu.

Tuwatazame wapagazi wetu wa mlimani, maana humu ndani wapo wazazi waliosomesha watoto kwa kazi hiyo. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 20. Kutoka lango la Marangu mpaka kibanda cha Kibo, kilichoko mita 4,720, mzigo ule unapanda kama mita 2,850. Zidisha: kilo-mita 57,000. Gawanya kwa 427: kilokalori 133 na ushee. Hizo zinachemsha maji ya chai yasiyofika lita mbili hapa Moshi, ambako maji huchemka kwenye digrii 97 hivi kwa sababu ya mwinuko. Birika la umeme la wati 2,000 linamaliza kazi hiyo kwa dakika tano. Siku tatu au nne za mgongo wa mtu, kwa upande wa ule mzigo peke yake, ni dakika tano za birika. Mwili wake na chakula anachokula ni hesabu nyingine.

Nasema haya ili mjue ukubwa wa joto. Kijana wa umeme akizoea mota na taa hudhani kilowati tatu ni nyingi. Kwa mota ni nyingi, inatosha mashine ndogo ya kusaga mahindi. Kwa joto, kilowati tatu ni mtu mmoja anaoga.

Sasa kasi. Kilokalori na BTU ni kiasi cha joto, kama maji yaliyomo kwenye ndoo. BTU ni kile kiasi cha kupandisha ratili moja ya maji digrii moja ya Farenhaiti. Kilowati ni kasi, kama maji yanavyotoka bombani. Ukitaka kulinganisha na kilowati lazima useme BTU kwa saa, kilokalori kwa saa. Kibati cha kiyoyozi kinaposema 12,000 BTU, maana yake ni BTU 12,000 kwa kila saa, na wauzaji wa madukani wamelimeza hilo "kwa saa" mpaka watu wamesahau kama lipo.

Na hapa nina ugomvi na Kiswahili cha mafundi. Nimesikia hata wasomi wakiita yuniti ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, "kilowati kwa saa". Wanangu, neno "kwa" linagawanya. Kilomita kwa saa ni kilomita ukazigawa kwa saa. Yuniti ya LUKU imezidishwa: kilowati moja ikiwaka saa moja. Semeni kilowati-saa. Mtu akisema kilowati kwa saa amesema kitu ambacho hakipo kwenye mita yake, na atakapokutana na BTU kwa saa, ambayo inagawa kweli, atachanganya ndoo na bomba. Nimesahihisha karatasi za vijana wengi, na makosa yao makubwa yalianzia kwenye neno hili dogo.

Wati yenyewe ilipendekezwa mwaka 1882 na William Siemens, mbele ya wanasayansi wa Uingereza, kwa heshima ya James Watt. Watt alikuwa amefariki zamani, mwaka 1819. Yeye alipima injini zake kwa nguvu za farasi, maana wateja wake walikuwa na farasi, na ndiyo hiyo hospawa iliyoko kwenye mota zenu mpaka leo. Mwaka 1960 dunia ilikubaliana rasmi juu ya mfumo mmoja wa vipimo, na ndani yake wati inapima kila aina ya nguvu: ya mota, ya joto, ya mwanga. Karatasi zimebadilika. Mashine hazikubadilika. Mkitoka hapa mtakuta boila la kizamani la Ulaya limeandikwa kilokalori kwa saa, kiyoyozi kipya kimeandikwa BTU, chumba cha baridi cha shamba la maua la Usa River kinahesabiwa kwa tani, mota ya Kijerumani imeandikwa PS, ya Kiingereza HP, zote zikimaanisha nguvu za farasi. Zote mtatakiwa kuziunganisha kwenye transfoma ileile moja.

Namba za kushika ni chache. Kilowati moja ni BTU 3,412 kwa saa. Kilowati moja ni kilokalori 860 kwa saa. Hospawa ya Kiingereza ni wati 746, ile PS ya Kijerumani ni wati 735. Tani moja ya ubaridi ni BTU 12,000 kwa saa, ambazo ni kilowati 3.517. Ziandikeni nyuma ya kifuniko cha boksi la vifaa, mimi nilifanya hivyo na bado zinasomeka.

Ile tani watu huifikiria kuwa uzito wa mashine. Ilitoka kwenye barafu. Kabla ya majokofu, watu wa Marekani walipoza vyakula kwa mabonge ya barafu yaliyokatwa kwenye maziwa wakati wa baridi. Mashine za kupoza zilipokuja, mteja aliuliza swali la maana: mashine yako inafanya kazi ya tani ngapi za barafu kwa siku? Tani yao ni ratili 2,000, kama kilo 907. Kila ratili ya barafu ikiyeyuka inameza BTU 144. Zidisha upate 288,000, gawa kwa saa 24, ndiyo 12,000 yenyewe. Kwa hiyo mkiambiwa chumba cha maua kina tani tano, fikirini tani tano za barafu zikiyeyuka humo ndani kati ya leo na kesho saa hizi. Mimi taswira hiyo imenisaidia kuliko jedwali lolote.

Sasa lile kosa langu.

Nilikuwa kijana, nina cheti kama hivi mtakavyopewa. Mama mmoja wa mkoa huu alikuwa amejenga hoteli kwa mkopo, vyumba 12, kila chumba kiyoyozi cha BTU 18,000. Umeme ulikuwa wa kukatikakatika, akaniomba nimpigie hesabu ya jenereta. Nikakaa na kalamu. BTU 18,000 mara 12 ni 216,000. Nikagawa kwa 3,412, nikapata kilowati 63. Nikagawa kwa 0.8 kupata kVA, kipimo cha ukubwa wa jenereta, nikapata 79. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: jenereta la kVA 80. Hesabu ile ukimpa mwalimu wa hisabati ataweka alama ya vema. Kila mstari ni sahihi.

Mama alinunua. Aliongeza deni ili alinunue.

Kilichotokea ni hiki. Zile kilowati 63 zilikuwa kilowati za ubaridi, joto linalotolewa vyumbani. Kiyoyozi hakiumbi ubaridi kwa kuuchoma umeme. Kinatumia umeme kuendesha kompresa, na kompresa inasukuma gesi inayobeba joto kutoka ndani kwenda nje. Ni mpagazi wa joto. Kila kimoja cha BTU 18,000, yaani kilowati 5.3 za ubaridi, kilikuwa kinakula umeme wa kilowati 1.7 tu. Vyote 12 vikiwaka pamoja ni kilowati 20 na ushee. Mpagazi hali chakula sawa na uzito wa mzigo.

Jenereta lile likawa linabeba chini ya theluthi ya uwezo wake, na usiku wageni wakiwa wachache, chini ya hapo. Watu hudhani injini kubwa ikifanya kazi ndogo inapumzika. Injini ya dizeli haipendi hivyo. Mitungi yake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa, na mwisho unaona mafuta meusi yakidondoka kwenye bomba la ekzosi. Ndivyo ilivyokuwa. Fundi wa injini aliitwa mara tatu mwaka ule. Dizeli iliyochomwa kuzungusha chuma kikubwa bila kazi sijui ilifika lita ngapi, ila namjua aliyeilipa. Jenereta la nusu ya ukubwa ule lingetosha, tena na akiba ya kuwasha kompresa, mradi tuweke vichelewesha ili zisiwake zote kwa mpigo, maana kompresa ya kawaida inapoanza huvuta ampea mara tano au sita ya kawaida yake.

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza. Sikuwa na fedha za kumlipa, nilikuwa na mikono. Nilimfungia vichelewesha, nikapanga mizigo ya jikoni na ya kufulia iingie kwenye jenereta lile ili lipate kazi ya kufanya. Alinipokea kwa upole ambao bado unaniuma. Tangu siku ile sijaandika neno kilowati bila kuandika mbele yake ni ya nini. Ya ubaridi? Ya joto? Ya umeme unaoingia? Ya kazi inayotoka kwenye shafti? Mkinisahau mimi na sura yangu, sawa, lakini swali hili mlibebe: kilowati ya nini?

Kwenye kibati cha kiyoyozi majibu yote yapo. Kuna namba ya BTU, ambayo ni ubaridi. Kuna wati au ampea, ambazo ni umeme. Kuna herufi EER, kipimo cha ufanisi, ambazo ni BTU kwa saa ukizigawa kwa wati. Cha hoteli ile: 18,000 kwa 1,700, unapata 10 na nusu hivi. Na vijana wa majokofu, msisahau upande wa nje. Kondensa inatupa joto la chumba pamoja na umeme ulioliwa: 5.3 na 1.7, jumla kilowati saba. Ukiifungia kondensa kwenye kichochoro kisicho na upepo, umewasha hita ya kilowati saba mbele ya pua yake.

Vijana wa umeme, upande wenu una raha moja: hita. Hita inageuza umeme wote kuwa joto, kilowati moja kwa kilowati moja, na hapo tu ndipo ile 3,412 inakwenda moja kwa moja bila swali. Nani hapa hajasikia malalamiko ya hita ya bafuni kule Arusha mwezi wa saba? "Fundi, hita yako mbovu, maji ni vuguvugu." Hita ni ya kilowati 5.4. Zidisha kwa 860, ni kilokalori 4,644 kwa saa, au 77 kwa dakika. Bomba likitoa lita tatu kwa dakika, kila lita inapata digrii 26 hivi. Maji yaliyoingia na digrii 15 yanatoka na 41, mtu anaoga anaimba. Akifungua bomba mpaka mwisho, lita sita kwa dakika, anapata digrii 13 tu, anatetemeka na kukulaumu. Mwambieni apunguze bomba kabla hamjafungua kifuniko. Na mzigo ule ni ampea 23 na nusu. Anayeupitisha kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 uliobanwa ndani ya paipu ukutani anaweka moto wa jiko mahali pa moto wa waya. Tumieni waya wa 4, na breka inayolingana nao.

Safari ya kurudi, kutoka joto kwenda umeme, ndiyo ghali. Mfaransa Sadi Carnot, mhandisi wa jeshi, alionyesha mwaka 1824 kwamba hakuna injini ya joto inayoweza kugeuza joto lote kuwa kazi, hata ukiitengeneza bila msuguano kabisa. Lazima sehemu itupwe upande wa baridi. Lita moja ya dizeli ina joto la kilowati-saa kama 10. Jenereta zuri linakupa yuniti tatu, tatu na nusu. Nyingine zimetoka na ekzosi na rejeta. Garimoshi lililopanda kutoka Tanga kuja Moshi tangu mwaka 1911, garimoshi la mvuke, lilikuwa linatumia chini ya sehemu 10 kati ya 100 za joto la kuni zake kuvuta mabehewa. Jina la mji wetu lenyewe linatukumbusha: kwa fundi wa boila, moshi wenye moto ni mali inayoondoka.

Kwa sababu hii mitambo mikubwa ya joto ina namba mbili. Koeberg, kule Afrika Kusini karibu na Cape Town, kila kinu cha nyuklia kina megawati zaidi ya 2,700 za joto, na umeme unaofika kwenye gridi ni megawati 930 hivi. Mwandishi wa habari akichukua namba moja na mwenzake akachukua nyingine, wananchi wataona kuna uongo, kumbe wote wamesoma kibati kilekile. Mitambo ya maji haina shida hiyo. Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, Pangani Mpya 68, yote yakiwa maji ya mto mmoja unaolishwa na Kilimanjaro na Meru, na Bwawa la Julius Nyerere 2,115: hapo hakuna joto katikati, kwa hiyo ni megawati za umeme tu.

Mahali ninapopenda kuwapeleka vijana ni kwenye kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, hapo chini yetu. Makapi ya miwa yanachomwa, mvuke unazungusha tabaini kutoa umeme, halafu mvuke uleule uliokwisha kufanya kazi unakwenda kupika maji ya miwa. Joto ambalo Carnot anatulazimisha kulitupa, wao wamelitafutia sufuria. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pale utaona daftari la joto limefungwa vizuri.

Nimekuja na hiki. Naomba mkipitishe mkono kwa mkono, ni kibati cha boila la maji ya moto lililong'olewa, mwenyewe alinipa. Kinasomeka kilokalori 300,000 kwa saa. Mwenye kiwanda aliniuliza: nikihama dizeli niende umeme, nahitaji kilowati ngapi? Gawa kwa 860, unapata 349. Lakini subirini. Bana yake, yaani kichomea mafuta, ilikuwa inachoma dizeli ya kilowati kama 410, maana sehemu 15 kati ya 100 zilikuwa zinatoka na bomba la moshi. Kwa hita za umeme, ambazo hazina bomba la moshi, ni 349. Kwa pampu ya joto, ambayo ni kiyoyozi kilichogeuzwa, kinachobeba joto la nje kuliingiza kwenye maji, ikiwa inatoa tatu kwa kila moja inayokula, ni 116. Kazi ni moja, maji ni yaleyale, na majibu ni 410, 349 na 116. Transfoma pale kiwandani ilikuwa ya kVA 200. Jibu moja tu kati ya yale mawili ya umeme lilikuwa linaingia hapo, na aliyepiga hesabu kwa kugawa peke yake angemwambia mwenye kiwanda akanunue transfoma mpya. Aliyekuwa akihitaji mvuke mkali pampu ya joto isingemfaa. Huyu alihitaji maji ya digrii 60, ikamfaa.

Wazazi, najua nimewachosha na namba za viwandani, kwa hiyo moja ya kwenu ya jikoni. Mnaniuliza kila mara: gesi na umeme, kipi nafuu? Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la kilowati-saa kama 12.8. Mtungi wa kilo 15 una kama 190. Chukueni bei ya mtungi mliyolipa wiki hii, gawanyeni kwa 190, mtapata bei ya yuniti moja ya moto wa gesi. Msiishie hapo. Kwenye jiko la gesi karibu nusu ya moto unapita pembeni mwa sufuria, kwa hiyo izidisheni mara mbili. Jiko la umeme la sahani linapoteza kidogo zaidi ya robo, basi bei ya yuniti ya LUKU iongezeni theluthi na ushee. Sasa linganisheni. Bei zikibadilika, rudieni, njia ni hiyohiyo. Ile sufuria ya umeme yenye mfuniko wa kukaza, ya kupikia maharage, ina hesabu yake nzuri kuliko zote mbili, kwa sababu imefunikwa pande zote na joto halina pa kutokea. Maharage ya saa mbili na nusu mkaani mnayajua.

Wanangu, kuna jambo moja nawaomba mlifanye kuanzia kazi yenu ya kwanza. Mkimwandikia mteja makadirio, kila mashine ipeni mistari miwili. Mmoja: inatoa nini, kilowati ngapi za joto au za ubaridi. Wa pili: inakula nini, kilowati ngapi za umeme, au lita ngapi, au kilo ngapi za gesi. Mteja asiyejua kusoma vibati atauliza kwa nini namba ni mbili. Kaeni chini mmweleze, hata kama jua linazama na mnataka kuwahi daladala. Yule mama wa hoteli angeniuliza swali hilo, ningelazimika kulifikiria kabla hajakwenda benki.

Kibati kikimaliza kuzunguka kipelekeni kwa mwalimu wa karakana, nimemwomba akitundike juu ya meza ya vipimo. Mkuu wa chuo, nakurudishia kipaza sauti. Naona vyeti vimeshapangwa mezani na wazazi wana mashada mikononi. Asanteni sana.